Tairi Ndilo Buti la Gari: Uchambuzi wa Safari za Mvua Mpakani Busia na Tororo

Kila mwaka mvua kubwa zianzapo mwezi Machi, na zirejeapo tena kuanzia Agosti hadi Novemba, eneo la mpaka wa Uganda na Kenya kati ya Busia na Tororo huwa mtihani mkubwa kwa kila gari na kila dereva. Malori yatokayo Mombasa huingia Uganda kwa njia ya Malaba na Busia usiku na mchana, yakibeba mafuta, ngano, vyuma na bidhaa nyingine ziendazo Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Kando ya barabara hizo za lami, magari ya jeshi na ya polisi hupita njia za udongo, yakilinda mpaka, yakifuatia magendo katika njia za panya, au yakienda kuwaokoa wananchi waliozingirwa na maji.

Magari hayo yote, makubwa kwa madogo, hushika ardhi kwa kitu kimoja tu, nacho ni tairi. Sehemu ya tairi la gari dogo inayogusa barabara haizidi sana kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa pamoja na vidole vyake. Juu ya viganja vinne hivyo hukaa dereva, abiria, silaha, mizigo na mafuta. Injini ikiwa na nguvu za farasi 200, na breki zikiwa mpya kabisa, nguvu hizo zote hazina faida iwapo viganja hivyo vinne haviishiki ardhi.

Hata hivyo, tairi ndicho kifaa ambacho wengi wetu hukifikiria mwisho. Askari hawezi kukubali kupelekwa mstarini kwa viatu vya raba vilivyokwisha soli, lakini mara nyingi hupanda gari lenye matairi yaliyokuwa vipara bila kuuliza neno. Hoja ya makala haya ni kwamba tairi huchaguliwa kwa kutazama ardhi, mzigo na majira. Halichaguliwi kwa bei, wala kwa sura ya kutisha, wala kwa alama zilizobuniwa kwa ajili ya nchi za theluji.

ARDHI TATU KATIKA SAFARI MOJA

Ugumu wa eneo letu hautokani na matope peke yake. Unatokana na ukweli kwamba gari moja, kwa siku moja, hukutana na ardhi za namna tatu zisizofanana.

Chukua gari linalotoka kambi ya Rubongi, Tororo. Kwanza litapita lami ya barabara kuu, ambako hukimbia pamoja na matrela yenye tani nyingi. Likiacha lami kuelekea vijijini litaingia barabara za changarawe nyekundu, ambazo wakati wa kiangazi huwa ngumu na zenye mawe makali, na baada ya mvua hupakwa utelezi wa juu juu mithili ya sabuni. Mwisho litafika mabondeni, kandokando ya Mto Malaba na katika mashamba ya mpunga ya Doho, Butaleja, ambako Mto Manafwa humwagilia maji. Huko ardhi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa, unaonata katika meno ya tairi, na unaoliachia gari litumbukie hadi kwenye mhimili.

Upande wa kusini hali ni hiyo hiyo. Kutoka mji wa Busia kushuka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuna mabonde yanayolowa upesi, na Mto Sio ulio mpakani hufurika. Wenzetu wa Kenya wana Budalang'i katika Kaunti ya Busia, ambako Mto Nzoia huingia ziwani. Mwaka 2020 kingo za mto huo zilibomoka na maelfu ya watu wakahama makwao.

Tena, barabara itokayo Tororo kwenda Mbale ndiyo njia ya kuuendea mlima Elgon. Mwezi Machi 2010 mlima uliporomoka huko Nametsi, Bududa. Askari waliotumwa walifukua kwa majembe na sepetu, maana mitambo mikubwa haikuweza kufika. Tarehe 27 Novemba 2024 maporomoko mengine yalizika nyumba katika wilaya ya Bulambuli, na kwa mara nyingine barabara zilizolowa zikawachelewesha waokoaji. Katika shughuli kama hizo, saa moja ya gari kukwama ni saa moja ambayo mtu aliye chini ya udongo anaisubiri. Hapo ndipo suala la tairi linapoacha kuwa la fundi na kuwa suala la uhai.

AINA TATU ZA MATAIRI

Kwa magari madogo yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, yaani akina Land Cruiser, Land Rover na Hilux, kuna matairi ya aina tatu zinazopasa kujulikana na kila kamanda na kila ofisa wa uchukuzi.

La kwanza ni tairi la barabara kuu. Meno yake ni madogo, yamekaribiana, na yamekatwa mifereji ya kutoa maji. Tairi hili halipigi kelele, halili mafuta mengi, na katika lami iliyolowa hushika vizuri. Likiingia katika udongo mweusi, mifereji yake hujaa matope katika mizunguko michache, nalo huwa laini kama chupa.

La pili ni tairi la matope. Meno yake ni makubwa na yameachana, ili gurudumu linapozunguka litupe nje udongo ulioganda na kupata meno safi ya kuuma tena. Ubavu wake kwa kawaida ni mnene. Lakini lina gharama zake: juu ya lami huvuma, hutikisika, na huisha upesi, na katika lami yenye maji hushika kidogo zaidi, kwa kuwa mpira unaogusa barabara ni mchache. Dereva anayelipenda kwa sababu ya sura yake ya kivita, lakini ashindaye kutwa nzima kwenye lami ya Tororo na Iganga, anajiongezea hatari bila kupata faida yoyote.

La tatu ni tairi la matumizi yote, ambalo limewekwa katikati ya hayo mawili. Halishindi tairi la barabara kuu katika lami, wala halishindi tairi la matope katika bonde la Doho. Lakini katika changarawe, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya doria zetu, linafaa kuliko yote mawili. Kwa gari la kawaida la doria mpakani, hilo ndilo chaguo la busara. Tairi la matope liwekwe kwenye magari machache yaliyotengwa kwa uokoaji na kwa kuwavuta wengine.

Upana nao huzua ubishi. Wapo wasemao tairi pana ndilo bora siku zote. Jibu hutegemea kilicho chini ya matope. Ikiwa chini ya tope la sentimeta kumi au ishirini kuna ardhi ngumu, kama ilivyo katika barabara nyingi za changarawe, tairi jembamba hulikata tope na kuifikia ardhi hiyo. Ndiyo sababu saizi ya zamani ya 7.50R16 imedumu miaka mingi katika magari ya kazi ya Afrika. Ikiwa ni kinamasi kisicho na sakafu, tairi pana hukanyaga juu bila kuzama upesi. Kwa hiyo ni lazima kwanza kuijua njia, ndipo kulijadili tairi.

ALAMA ZA NCHI ZA BARIDI

Afrika Mashariki hupokea matairi mengi yaliyokwisha tumika Ulaya na Japani. Baadhi yake ni matairi ya majira ya baridi, nayo huonekana mapya kwa kuwa meno yake ni marefu na yamekatwa vijistari vingi vyembamba. Ubavuni huwa yameandikwa M+S, na mengine yana picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Herufi hizo M na S ni kifupi cha matope na theluji kwa Kiingereza, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Akiliona neno matope hudhani amepata dawa ya Butaleja. Ukweli ni kwamba alama ya M+S ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kuhusu mpangilio wa meno, na huwekwa hata juu ya matairi ya kawaida kabisa ya mjini. Alama ya mlima na chembe ya theluji inahitaji tairi lijaribiwe, lakini jaribio hilo ni la theluji. Ujerumani yenyewe iliacha kuitambua M+S peke yake kuwa alama ya tairi la baridi kuanzia Oktoba 2024, ikabakiza ile ya mlima.

Jambo kubwa zaidi ni mpira wenyewe. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira laini, ili usikakamae joto la hewa linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Huku kwetu hata usiku wa baridi sana wa Tororo haukaribii nyuzi hizo, na lami ya mchana huchoma mguu. Mpira huo ukipakiwa mzigo na kukimbizwa katika joto hulainika zaidi, huliwa upesi, na gari huyumba wakati wa kukata kona au kushika breki ghafla. Anayenunua tairi hilo kwa sababu ni rahisi atalinunua tena mapema kuliko alivyotazamia.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Yapo maandishi ubavuni ambayo askari anapaswa kuyasoma kama anavyosoma ramani. Tarakima nne zilizo mwishoni mwa safu ya herufi inayoanza na DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Zikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotimiza miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama meno yangalipo. Tairi la akiba, linaloshinda juani juu ya gari bila kuguswa, ndilo linalosahauliwa zaidi.

Tarakima nyingine ni ya uzito. Namba 112 maana yake tairi linaweza kubeba kilo 1,120. Namba 121 ni kilo 1,450. Tufanye hesabu. Tuseme pikapu ya doria, bila mzigo, huelemea mhimili wake wa nyuma kwa kilo 1,000. Pandisha nyuma askari kumi, kila mmoja na silaha, risasi na maji, jumla kilo 100 kwa mtu. Ongeza kilo 300 za mafuta ya akiba na vifaa. Mhimili wa nyuma umefika kilo 2,300. Matairi mawili ya namba 112 uwezo wake ni kilo 2,240, maana yake gari limeondoka kambini likiwa tayari limezidiwa kabla ya kukutana na shimo la kwanza. Matairi ya namba 121 yangebeba kilo 2,900 na kubakiza akiba. Tofauti ya usalama wa watu kumi na dereva wao imo katika namba hiyo ndogo, ambayo fomu nyingi za ununuzi huiacha wazi zikataja saizi peke yake.

UPEPO NI SILAHA

Tairi zuri lenye upepo usiofaa ni sawa na bunduki nzuri yenye risasi zisizo zake. Upepo ukipungua barabarani, ubavu hukunjika katika kila mzunguko, joto hupanda, nyuzi za ndani huachana, na tairi hupasuka, aghalabu gari likiwa katika mwendo mkali. Upepo ukizidi, tairi hugusa ardhi kwa katikati tu na hudunda juu ya changarawe.

Katika matope, hata hivyo, kupunguza upepo kwa kipimo ni mbinu ya kijeshi iliyothibitishwa. Katika Vita Kuu ya Pili, gari la Marekani liitwalo DUKW, lililotumika tangu 1942 kutoka majini hadi nchi kavu, lilimwezesha dereva kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa kitini pake, apate kupita mchanga wa pwani. Kwa gari letu dogo ambalo kibao chake kinaagiza pauni 40 kwa inchi ya mraba, kushuka hadi pauni 25 hurefusha sehemu inayogusa ardhi na kulipunguzia gari kuzama. Masharti ni mawili. Mwendo uwe wa polepole, maana tairi lililolegea likikatwa kona kwa kasi huweza kuchomoka kwenye rimu. Na upepo urudishwe kabla ya kuigusa lami tena. Kwa hiyo gari lisilo na pampu na geji halina ruhusa ya kutumia mbinu hii. Malori ya mizigo yenye matairi ya jozi hayafai kufanyiwa hivyo hata kidogo.

FUNZO KUTOKA UKRAINE

Wale wanaodhani haya ni mambo madogo na watazame vita vya Ukraine. Mwezi Machi 2022, siku chache baada ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka, dunia ilionyeshwa picha za gari la makombora ya kutungulia ndege aina ya Pantsir-S1 lililotelekezwa matopeni kusini mwa nchi hiyo, matairi yake yakiwa yamechanika. Trent Telenko, mkaguzi mstaafu wa ubora wa vifaa vya kijeshi wa Marekani, alitoa hoja kwamba matairi hayo yalionyesha dalili za magari yaliyoegeshwa muda mrefu bila kusogezwa, hata jua na uzito vikaula ubavu, ukapasuka mara upepo ulipopunguzwa. Wengine walibishana naye juu ya aina ya matairi na mahali yalikotengenezwa. Lakini jambo moja halikubishaniwa: silaha ya thamani ya mamilioni ya dola iliachwa njiani kwa sababu ya gurudumu.

Wakati huo huo, msafara mrefu wa magari ulisongamana barabarani kaskazini mwa Kyiv, kwa kuwa kuondoka kwenye lami kulikuwa ni kuzama. Jeshi lisiloweza kuacha barabara ni jeshi ambalo adui anajua litapita wapi. Majeshi yetu yalikutana na somo hilo kwa njia nyingine katika Operesheni Shujaa, iliyoanza mashariki ya Kongo tarehe 30 Novemba 2021, ambako wahandisi walilazimika kutengeneza barabara za udongo ili magari yapate kusonga mbele.

SWALI LA UNUNUZI

Swali linalozuka hapa ni hili: je, kila kikosi kijichagulie matairi yake? Wapo wanaopinga kwa hoja yenye uzito. Husema kwamba saizi moja na aina moja kwa magari yote hurahisisha ghala, hupunguza bei, na humwezesha dereva kuazima tairi la akiba kwa mwenzake popote alipo. Katika vita, kufanana kwa vifaa ni nguvu, na mtu asiidharau hoja hiyo.

Hata hivyo, kufanana kwa saizi si lazima kuwe kufanana kwa meno. Yawezekana saizi na namba ya uzito vikabaki vile vile kote, lakini gari la mjini likapewa tairi la barabara kuu, la doria likapewa la matumizi yote, na la uokoaji likapewa la matope. Ghala halitavurugika, na gari litavaa buti lake. Linalotakiwa ni kwamba mtu anayetia sahihi fomu ya ununuzi awe na maelezo ya dereva na fundi wanaoijua njia, yakieleza sehemu ya safari iliyo lami, iliyo changarawe, na iliyo matope. Bei ya tairi nayo ihesabiwe kwa kilomita litakazokwenda. Tairi rahisi linaloisha kwa nusu ya safari ndilo ghali.

KAZI YA NDUGU POLISI

Kwa upande wa polisi wa barabarani, jukumu ni pana zaidi, kwa sababu lori bovu linaloruhusiwa kupita Malaba ndilo litakalokutana na basi la abiria huko mbele. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, na tani 10 kwa mhimili mmoja wenye matairi manne. Mzigo ukizidi hapo, hata tairi jipya huchemka.

Ukaguzi mzuri hauhitaji mashine. Unene wa njiti ya kiberiti ni kama milimita 2. Ilazwe katika mfereji wa tairi. Ikiwa haizami yote, tairi hilo limekwisha na halifai mvuani, kwa maana maji hayana pa kukimbilia na gari litaelea juu yake. Yatazamwe matairi ya jozi, kama kuna jiwe lililobanwa katikati au kama moja limelegea na kumwachia mwenzake mzigo wote. Yatazamwe matairi ya mbele kwa ukali zaidi. Tairi lililovishwa mpira upya laweza kufaa katika trela, lakini halifai kuwekwa kwenye magurudumu ya usukani. Ukaguzi huo huchukua dakika chache, na afanyaye hivyo bila kupokea chochote mkononi anaokoa watu asiowajua.

Ndugu wapiganaji na ndugu polisi, mvua haipokei amri ya mtu, wala udongo mweusi wa mabondeni haujali cheo cha aliye ndani ya gari. Lililo katika uwezo wetu ni kujiandaa kabla. Kila dereva na akague matairi yake asubuhi kabla ya kuwasha injini, pamoja na la akiba. Kila kamanda na aulize upepo, umri na uzito kabla ya kutoa amri ya kuondoka. Na kila ofisa wa ununuzi na aifike njia ya Majanji au ya Butaleja angalau mara moja wakati wa mvua, kabla ya kuamua gari la huko livishwe nini.